UPEPO WA OMO NA HESABU ZA MARUBANI

Mazungumzo kwa wasikilizaji wa Kisii na Nyamira



Abiria apandapo ndege ndogo kwa mara ya kwanza, swali lake huwa moja: chombo hiki chaenda mbio kiasi gani? Rubani hulijua swali hilo kama vile mwenye duka alijuavyo swali la bei, na mara nyingi hulijibu kwa mzaha. Si kwamba hajui, wala si kwamba amdharau mwulizaji. Sababu ni kwamba swali hilo lina majibu matatu, nayo yote ni ya kweli, hali abiria ataka moja tu.

Mizaha hiyo ndiyo habari ya mazungumzo haya. Watu wa Kisii na Nyamira wana haki ya kuicheka pamoja na marubani wenyewe, kwa maana siku hizi ndege ndogo na helikopta si mgeni vilimani. Hutua katika uwanja wa Suneka kando ya njia ya kwenda Migori. Hutua katika viwanja vya shule siku za mikutano ya siasa na za mazishi ya wakubwa. Na mara nyingine huja kumchukua mgonjwa. Lakini mtu asidhani ni mzaha mtupu. Ndani yake mna hesabu, na hesabu hiyo ikikosewa, mafuta huisha angani.

MAJIBU MATATU

Jibu la kwanza ni lile lisomwalo katika saa ya mwendo iliyo mbele ya rubani. Saa hiyo haijui habari za barabara wala za milima. Nje ya ndege kuna mrija mdogo ulioelekezwa mbele, hewa huingia kwa nguvu, na saa hupima nguvu ya ule msukumo. Basi hewa ikiwa nzito, msukumo ni mkubwa. Hewa ikiwa nyepesi, msukumo hupungua ijapokuwa ndege yakimbia vile vile. Na kila apandapo mtu juu, hewa huzidi kuwa nyepesi. Ndege inayovuka milima ya Mau kwa kimo cha futi 10,000 huweza kuonyesha 100 katika saa yake, hali mwendo wake wa kweli ndani ya hewa ni karibu 120. Hilo ndilo jibu la pili.

Mkulima wa chai wa Nyamira hatashangaa. Yeye ajua ya kuwa kilo zinazosomwa mizanini katika kituo cha kununulia majani si zile zile zinazoandikwa kitabuni baada ya kutolewa uzito wa gunia. Mizani haikusema uongo. Ilipima kitu kingine.

Jibu la tatu ndilo alitakalo abiria, nalo ni mwendo wa kivuli cha ndege juu ya ardhi: itapita Keroka lini, itafika Nairobi lini. Jibu hilo halipatikani mpaka upepo utiwe katika hesabu. Na hapo ndipo mizaha ianzapo.

FUNDO LILITOKA BAHARINI

Kabla ya kufika kwenye upepo, yafaa kueleza mambo ya vipimo, kwa kuwa marubani wamerithi ghala zima la vipimo visivyopatana.

Mwendo wa ndege huhesabiwa kwa mafundo. Neno hili ni la mabaharia. Zamani za merikebu za matanga, baharia alitia batli, yaani alitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba ndefu yenye mafundo, kila fundo mbali na jingine kwa futi 47 hivi. Mwenzake alishika chupa ya mchanga ya karibu nusu dakika. Mchanga ulipokwisha, walihesabu mafundo yaliyopita mkononi, na hiyo ndiyo hesabu ya maili za baharini ambazo chombo kingekwenda kwa saa moja. Kamba imekwisha kutupwa, ubao umeoza, lakini fundo limebaki, na hata ndege zirukazo juu kuliko mawingu yote huhesabu kwa hilo.

Maili ya baharini nayo si ile ya barabarani. Maili ya barabarani ya Kiingereza ni meta 1,609. Ya baharini ni meta 1,852. Haikuchaguliwa ovyo. Ukiigawa dunia kwa digrii, na kila digrii kwa dakika 60, dakika moja kwenda kusini au kaskazini ni maili moja ya baharini. Mji wa Kisii uko karibu dakika 41 kusini ya ikweta. Kwa hiyo ni maili 41 za baharini toka mji huo hadi kwenye mstari wa ikweta upitao kule Maseno. Asomaye ramani hana haja ya kutia ufunguo wa kilomita. Hapa marubani hawana la kulaumiwa: kipimo hiki ni cha akili.

Mengine hayana akili nyingi. Katika safari moja ya kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Suneka, umbali huandikwa kwa maili za baharini, kimo kwa futi, urefu wa uwanja kwa meta, na mafuta hununuliwa kwa lita. Kisha, ndege ikiwa imetengenezwa Marekani, huenda saa ya mafuta ikasoma kwa galoni, nazo si galoni za Uingereza walizozijua wazee wa Kenya, bali za Marekani, ambazo ni ndogo. Galoni tano za Uingereza ni karibu sita za Marekani. Debe la mafuta ya taa, lililogeuka kuwa kipimo cha mahindi katika masoko yote ya Nyanza, lilikuwa galoni nne za Uingereza, yaani lita 18 na kidogo. Ndege ndogo ya Cessna yenye viti vinne hunywa kama debe mbili kasorobo kwa kila saa. Hesabu hiyo ingeeleweka Daraja Mbili sokoni kuliko ilivyo katika kitabu cha ndege.

Kwa sababu ya mchanganyiko huo, marubani na mafundi wamejitungia mzaha wao. Akiulizwa mwendo na mtu asumbuaye, mmoja wao hujibu kwa falongi kwa majuma mawili. Falongi ni kipimo cha wakulima wa Uingereza wa kale: yadi 220, urefu wa mfuo mmoja wa jembe la kukokotwa na ng'ombe kabla wanyama hawajapumzishwa. Falongi moja kwa majuma mawili ni mwendo wa karibu sentimeta moja kwa dakika. Konokono wa shambani hujivuna mbele yake. Kwa kipimo hicho ndege ya mafundo 120 yakimbia kwa falongi 371,000 hivi kwa majuma mawili. Jibu ni sahihi kabisa wala halimfai mtu yeyote, na hapo ndipo penye kicheko.

Mzaha wa vipimo uligeuka kuwa kweli tarehe 23 Julai 1983 huko Kanada. Ndege kubwa aina ya Boeing 767 ya kampuni ya Air Canada ilikuwa ikitoka Montreal kwenda Edmonton, kwa kupitia Ottawa. Saa zake za mafuta zilikuwa zimeharibika, basi mafuta yakapimwa kwa kijiti, kama mwenye lori apimavyo tangi. Kijiti kikasema zimo lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Kanada siku hizo ilikuwa katikati ya kuacha ratili na kushika kilo, na ndege ile mpya ndiyo ya kwanza katika kampuni hiyo kuhesabiwa kwa kilo. Waliofanya hesabu wakazidisha lita kwa 1.77. Namba hiyo hugeuza lita kuwa ratili. Ya kugeuza lita kuwa kilo ni 0.8 hivi. Wakapata wakitakacho, wakaongeza lita 4,917 tu, badala ya 20,000 na zaidi. Namba 22,300 ilikuwa imetimia, ila zilikuwa ratili, na ratili ni chini ya nusu ya kilo. Ni kama mtu aliyepima mahindi kwa gorogoro akaandika debe.

Ndege ilipokuwa futi 41,000 juu, injini moja ikazimika, na baadaye kidogo ya pili. Watu 69 walikuwa ndani. Kwa bahati njema nahodha Bob Pearson alikuwa na mchezo wa kurusha ndege zisizo na injini, naye akaishusha ile 767 kama tai, kimya, kwa muda wa dakika 17 hivi, mpaka uwanja wa zamani wa jeshi la anga mahali paitwapo Gimli. Siku hiyo uwanja ulikuwa umejaa watu wa mashindano ya motokaa. Hakufa mtu. Tangu siku hiyo rubani atajiwapo namba isiyo na jina la kipimo, huuliza, "Ya nini?" Wageni humwona kuwa mkali, lakini hana ukali.

UPEPO HAULIPI DENI LAKE

Sasa upepo. Mabaharia wa Lamu na Mombasa huita sehemu ya mbele ya jahazi omo, na ya nyuma tezi. Upepo unaokupiga usoni ni upepo wa omo. Wao hawakushindana nao sana. Majahazi ya Arabuni yalishuka kwa kaskazi, yakangoja miezi, yakarudi kwa kusi. Ndege haiwezi kungoja miezi, kwa hiyo hupita katikati ya upepo na kulipa.

Na hulipa kuliko watu wadhanivyo. Wengi husema hivi: upepo ukinicheleweshea kwenda, utanihimiza kurudi, na mwisho hesabu italingana. Hesabu hailingani. Toka Wilson hadi Suneka, kwa mstari ulionyooka, ni karibu maili 130 za baharini, yaani kama kilomita 240. Ndege ya mafundo 120, siku isiyo na upepo, huchukua dakika 65 kwenda na dakika 65 kurudi: jumla 130. Sasa utie upepo wa mashariki wa mafundo 30. Kuja Kisii upepo uko nyuma, mwendo ni 150, safari ni dakika 52, abiria washangilia. Kurudi Nairobi upepo uko usoni, mwendo ni 90, na safari ni dakika 87. Jumla ni 139. Upepo ulitoa dakika 13 ukachukua 22. Ukiwa upepo wa mafundo 60, utachukua zaidi: safari nzima itakuwa karibu dakika 173. Na ukiwa wa mafundo 120, ndege itafika Suneka kwa dakika 33, isirudi Nairobi kamwe, maana itapiga injini kwa nguvu zote na kusimama juu ya mgomba ule ule.

Hayo hayana uchawi. Watu wa vilimani wayajua kwa miguu. Mtu apandaye mlima maili sita na mzigo wa ndizi kwa mwendo wa maili mbili kwa saa, atatumia saa tatu. Akishuka mikono mitupu kwa maili sita kwa saa, atatumia saa moja. Mwendo wake wa kadiri si maili nne, kama afikirivyo mtu ajumlishaye mbili na sita na kugawanya. Amekwenda maili 12 kwa saa nne. Ni maili tatu tu. Sababu ni moja: mwenda njia hukaa muda mrefu zaidi katika ubaya kuliko katika wema.

Upepo wa mashariki uliotajwa si wa kubuni. Katika nyanda za juu za Kenya pepo za angani hutoka zaidi upande wa mashariki, na mwenye shaka na atazame mitambo ya umeme wa upepo iliyosimamishwa juu ya vilima vya Ngong, kwenye lango la Nairobi. Ndege itokayo Kisii huvukia hapo hapo upepo ukiwa usoni, na upande wa magharibi wa vilima hivyo hewa huporomoka chini kama maji ya maporomoko. Rubani mwenye ndege ndogo hujiwekea kimo mapema kabla hajafika.

Ndipo patokapo ule mzaha uliozoeleka kuliko yote, wa ndege inayopitwa na lori. Ndege nyepesi ya aina ya Piper Cub huenda kama mafundo 65. Ikipigwa na upepo wa omo wa mafundo 40, mwendo wake juu ya ardhi hubaki 25, yaani kilomita 46 kwa saa. Abiria akichungulia dirishani juu ya barabara ya Keroka, ataona matatu inampita, kisha lori la ndizi, na hata mwendesha pikipiki mwenye abiria wawili. Warusi nao wana ndege yao yenye mabawa mawili, Antonov An-2, iliyoruka kwanza mwaka 1947. Yaweza kwenda polepole mno bila kuanguka, hata ikikutana na upepo mkali huweza kurudi kinyumenyume juu ya ardhi huku ikielekea mbele. Marubani wake hupenda kuwauliza wengine kama ndege zao nzuri zaweza kufanya hivyo.

Mzaha mwingine wa namna hiyo ulihusu njia ya Afrika yenyewe. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya kutoka London hadi ziwa la Viktoria, na ndege za kutua majini zikafika Kisumu. Wazee wa Nyanza waliishi na sauti yake. Kampuni hiyo ilikuwa na ndege kubwa ya mabawa mawili na injini nne, Handley Page H.P.42, iliyotumika pia toka Cairo kuelekea kusini. Ilisifiwa kwa usalama na kwa viti vya starehe, lakini mwendo wake ulikuwa kama maili 100 kwa saa tu. Yasimuliwa kwamba Anthony Fokker, mtengenezaji ndege wa Kiholanzi, alipoitazama ile misitu ya nguzo na waya kati ya mabawa, alisema kwamba ndege hiyo imejengwa pamoja na upepo wake wa omo.

MTU WA NJORO

Kenya ina mtu wake katika habari hizi, naye ni Beryl Markham. Aliletwa nchini akiwa mtoto mdogo, akakulia Njoro penye shamba la baba yake, akawa mfundishaji wa farasi wa mashindano, kisha akafundishwa urubani na Tom Campbell Black wa kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi. Alipeleka barua, wagonjwa na wawindaji katika nchi isiyo na viwanja.

Ili kuona ukubwa wa tendo lake, yapasa kujua upepo wa bahari ya Atlantiki ya kaskazini. Huko pepo za juu hutoka magharibi, kinyume cha za Kenya. Alcock na Brown walivuka kwa ndege bila kutua mwaka 1919, lakini walitoka Amerika kwenda Ulaya, upepo ukiwa nyuma yao. Lindbergh alivuka peke yake mwaka 1927, naye ni upande huo huo. Kuvuka kwa ndege kinyume chake, toka Ulaya kwenda Amerika, hakukuwezekana mpaka mwaka 1928: miaka tisa nzima baada ya Alcock na Brown. Bahari ni ile ile, maili ni zile zile. Kilichozuia ni upepo.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 Beryl Markham aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, katika ndege ya injini moja aina ya Percival Vega Gull, akikusudia New York. Upepo ulikuwa usoni, na mvua, na giza. Akakaa angani zaidi ya saa 20. Laiti hewa ingalikuwa tulivu, angalipunguza saa kadhaa katika hizo. Mwishowe barafu ikaziba njia ya hewa ya tangi, injini ikakosa mafuta, naye akaiangusha ndege kwa pua katika tope la Baleine, kisiwa cha Cape Breton, pwani ya Kanada. Alitoka na jeraha kichwani. Hakufika New York kwa ndege ile, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka peke yake toka Uingereza hadi Amerika bila kutua, upepo ukiwa mbele. Alirudi Kenya baadaye, akashinda tena katika mbio za farasi, akafa Nairobi mwaka 1986.

Upepo ule ule ulimfanya mwingine shujaa bila jasho. Tarehe 8 Februari 2020 wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, ndege ya British Airways ya aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Juu ya ardhi mwendo wake ulipita maili 800 kwa saa, zaidi ya mwendo wa sauti. Watu wakauliza mbona hapakusikika mshindo. Hapakuwa na mshindo kwa kuwa ndani ya hewa ndege ilikwenda mwendo wake wa kila siku. Hewa nzima ndiyo iliyokuwa ikikimbia nayo. Wana wa Kisii na Nyamira walio wengi huko Minnesota wameyaonja hayo bila kuyahesabu: safari ya kwenda Amerika huwachosha kwa saa nyingi kuliko ya kurudi nyumbani, wakafikiri ni hamu ya nyumbani.

Na yuko rubani ambaye upepo haukuwa shida yake. Mmarekani Brian Shul, aliyerusha ndege ya upelelezi SR-71, alisimulia siku moja ambapo marubani walikuwa wakiulizana mwendo kwa redio. Cessna ndogo iliuliza mwendo wake juu ya ardhi, ikaambiwa mafundo 90. Nyingine kubwa kidogo ikauliza, ikaambiwa 125. Ndipo rubani wa ndege ya kivita ya majeshi ya bahari akauliza kwa sauti ya kujivuna, akaambiwa 620. Kisha mwenzake Shul akauliza kwa upole, akajibiwa 1,842. Kwa mwendo huo, toka Wilson hadi Suneka ni dakika nne na kidogo. Sufuria ya chai ya Kisii haijaanza kuimba.

KWA NINI RUBANI HAONGOJI HOTUBA YA MWISHO

Hata hivyo yanayowahusu watu wa Gusii zaidi ni ya ndege ndogo, na hasa helikopta za mikutano na mazishi. Mara nyingi wenyeji huudhika. Wageni hawajala, mzee wa mwisho hajasimama kusema, na rubani amekwisha kuwasha injini. Husemwa ana kiburi, au ameambiwa na tajiri wake asikae na watu wa shamba.

Yafaa watu wajue anachokitazama. Asubuhi upepo wa mashariki hushika vilima vyote. Adhuhuri ipitapo, upepo wa ziwani hupanda toka magharibi, na hizo mbili hukutana juu ya Kisii, Nyamira na Kericho. Hewa haina pa kwenda ila juu. Ndiyo sababu mvua ya eneo hilo hupenda saa za alasiri, ikiwa na radi, na mara kwa mara mawe yanayochanachana majani ya chai. Rubani wa helikopta hana njia ya kupita juu ya wingu la namna hiyo. Aendaye kupita kando huongeza maili, na maili ni mafuta.

Kisha kuna giza. Vyombo vingi vya namna hiyo vyaruhusiwa kuruka wakati wa mchana tu, rubani akiiona nchi kwa macho. Jua huzama Kisii mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja ya jioni, na Nairobi, kwa kuwa iko mashariki, huzama dakika nane hivi mapema zaidi. Helikopta ya mafundo 110 ingefika Nairobi kwa dakika 71 kama hewa ingetulia. Kwa upepo wa omo wa mafundo 25 safari hiyo ni dakika 92. Rubani aliyeambiwa "ngoja robo saa tu" mara tatu, hahesabu robo saa tatu. Ahesabu wingu lililosimama upande wa Sotik, na debe za mafuta zilizobaki, na jua.

Na hapa pana tego la vipimo kuliko yote, ambalo halimo katika vitabu vya Ulaya. Karatasi ya safari ya rubani huandikwa kwa saa ya Greenwich, iitwayo Zulu, ili marubani wa dunia nzima wawe na saa moja. Nairobi imetangulia Greenwich kwa saa tatu. (Katika enzi ya ukoloni palikuwa na miaka ambapo ilitangulia kwa saa mbili na robo tatu, jambo ambalo lazima liliwapa makarani wa posta kazi.) Kiswahili nacho huanza kuhesabu jua lichomozapo, tofauti ya saa sita na saa ya Kizungu. Kwa hiyo wakati mmoja una namba tatu, zinazopandana kwa tatu tatu: saa moja ya asubuhi ya Kiswahili ni nne ya Zulu na saba ya Nairobi; saa tatu ni sita na tisa.

Basi mwenyeji wa Nyamira akichungulia karatasi ya rubani akaona imeandikwa ya kuondoka 12.30, asiende kuwatangazia watu kwamba ndege itaondoka saa kumi na mbili na nusu ya jioni, na kwamba wazee wote watapata nafasi ya kusema. Hiyo ni Zulu. Kwa saa ya Nairobi ni 15.30, yaani tatu na nusu za alasiri, nayo kwa Kiswahili ni saa tisa na nusu. Saa kumi na mbili na nusu ya Kiswahili ifikapo, jua limegusa vilima, na ndege ile yapasa iwe imekwisha kutua Wilson saa moja na nusu nyuma, na rubani yuko njiani kwenda kwake.